Santuri za roki zinazotolewa upya zitutajie kanda zilikotoka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua ili nijibu makala mliyoichapisha wiki mbili zilizopita kuhusu albamu za zamani za roki ambazo makampuni ya Uingereza na Marekani yanazitoa upya. Mwandishi wenu aliziita kiporo kilichopashwa moto, akasema kuwa wanaozinunua ni wazee wachache wanaoomboleza ujana wao pamoja na vijana wanaodanganyika kwa santuri za rangi ya zambarau. Makala iliandikwa kwa Kiswahili safi na ilinichekesha mahali pawili au patatu. Hata hivyo, katika aya zote zile za bei, masanduku na rangi, hakutaja hata mara moja kanda ambamo sauti hizo zilitolewa, na kwa mtu aliyekuwa fundi wa redio na gramafoni hapa Ngamiani, Tanga, kwa zaidi ya miaka 40, hilo ni sawa na kusifu au kuponda samaki bila kuuliza amevuliwa lini.

Neno la kiporo nalikubali, pengine kuliko yeye alivyokusudia. Sisi watu wa Pwani tunakijua kiporo. Wali wa nazi uliofunikwa vyema usiku, ukipashwa asubuhi na kuliwa kwa chai ya rangi, wapo wanaoutamani kuliko ulivyokuwa jana yake. Lakini nazi ikishachacha, hata uukaange namna gani, aliye jikoni na aliye barazani wote watajua. Ndivyo ilivyo kwa albamu inayotolewa upya. Kazi nzima inategemea namna sauti ilivyohifadhiwa tangu siku ilipotoka studioni, na kinachonikera mimi ni makampuni yasiyomwambia mnunuzi kilichomo ndani ya sufuria.

Nieleze kwanza nilivyoingia katika jambo hili, maana najua wapo watakaouliza mzee wa Tanga na roki wapi na wapi. Ujana wangu ulikuwa wa dansi kama wa wenzangu; mji ulikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na hatukuona tumepungukiwa kitu. Muziki wa Kizungu ulitazamwa kwa jicho la shaka. Operesheni Vijana ilianza Januari 1969 ikipiga vita sketi fupi na suruali za kubana, na Novemba ya mwaka huohuo muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Lakini Tanga ni mji wa bandari na wa mkonge, na baada ya mashamba mengi kutaifishwa mwaka 1967 familia za kigeni zilifungasha moja baada ya nyingine na kuuza vyombo vyao. Katika vyombo vya familia mojawapo mjomba wangu alinunua gramafoni na kreti la santuri, na ndani ya kreti ilikuwamo albamu ya kwanza ya King Crimson, In the Court of the Crimson King, iliyotoka Uingereza Oktoba 1969. Jalada lake lote ni uso mwekundu unaopiga ukelele, kinywa kimeachama hata koromeo linaonekana. Bibi yangu aliamuru igeuzwe ielekee ukutani, kwani hakuwa tayari kulala chumba kimoja na shetani asiyejulikana kabila lake. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba aliyeuchora uso ule, Barry Godber, alikuwa mtu wa kompyuta, na kwamba alifariki Februari 1970 akiwa na umri wa miaka 24 tu.

Santuri ile niliisikiliza hata mifereji yake ikapauka. Baadaye, nilipoanza kupata matoleo mengine ya albamu hiyohiyo, mengine kutoka kwa mabaharia na mengine kwa mpwa wangu anayeishi Ulaya, nilishangaa kuona hayafanani. Nyimbo zilikuwa zilezile kwa mpangilio uleule, ila toleo moja lilikuwa na ukungu kana kwamba bendi inapiga nyuma ya pazia zito, na jingine lilikuwa kali hata sikio likachoka kabla upande wa kwanza haujaisha. Sababu yake ni ya kifundi lakini haina ugumu. Studio hurekodi vyombo kwenye kanda yenye njia kadhaa, kila njia na sauti yake. Kisha fundi mitambo huzichanganya njia hizo zikawa mbili, ya kushoto na ya kulia, na kanda hiyo ya pili ndiyo tunayoiita kanda mama, ambayo santuri hukatwa kutokana nayo. Kanda ya sumaku ikinakiliwa, nakala huongeza mvumo na hupunguza makali ya sauti za juu. Kampuni iliyoko nchi nyingine kwa kawaida haikuletewa kanda mama. Ililetewa nakala, na mara nyingine nakala ya nakala, mithili ya habari inayotoka Chumbageni asubuhi ikafika Mikanjuni jioni ikiwa na watu ambao hawakuwapo.

Kwa albamu hiyo ya King Crimson mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu kanda mama ya stereo ilidhaniwa kwa miaka mingi kuwa imepotea, mpaka ilipopatikana mwanzoni mwa miaka ya 2000. Halafu mwaka 2009, albamu ilipotimiza miaka 40, Steven Wilson wa bendi ya Porcupine Tree, akishirikiana na Robert Fripp ambaye ndiye mpiga gitaa wa King Crimson tangu mwanzo, alirudi nyuma ya kanda mama hadi kwenye kanda za njia 8 na kuichanganya albamu upya. Bwana huyo amefanya kazi ya namna hiyo kwa Aqualung ya Jethro Tull, kwa Close to the Edge ya Yes na kwa albamu nyingine nyingi za roki ya progresivu, ile roki ya nyimbo ndefu kama tenzi. Ninachomsifia ni kwamba huifuata kwanza kazi ya zamani kipande kwa kipande, akiwa ameiweka ya asili pembeni ya kulinganishia, na masikio yake hayana haraka. Nilipoisikiliza kazi yake kwa mara ya kwanza nilikaa kimya muda mrefu. Filimbi ya Ian McDonald, ambayo kwa miaka zaidi ya 30 niliijua kama kitu kilicho mbali, ilikuja ikakaa karibu na kiti changu.

Kwa msomaji asiyeijua King Crimson, labda The Beatles watamfaa zaidi. Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band ya mwaka 1967, mojawapo ya nguzo za saikedelia, ile roki ya sauti za kindoto ya miaka ya 1960, ilirekodiwa katika studio za EMI za Abbey Road, London, kwa mashine za njia 4 tu. Njia zote 4 zilipojaa, mafundi walizichanganya na kuzihamishia kwenye njia moja au mbili za mashine ya pili, wakapata nafasi ya kuongeza vyombo vingine, na kwa baadhi ya nyimbo jambo hilo lilirudiwa. Maana yake ni kwamba ngoma na gitaa zilizopigwa siku ya kwanza zilikuwa zimekwisha kunakiliwa kabla hata ya kanda mama kutengenezwa, huku vyombo vilivyoongezwa mwisho vikiwa bado vibichi. Mwaka 2017 Giles Martin, mtoto wa George Martin aliyeisimamia albamu hiyo, alizirudia kanda za awali kabisa, za kabla ya kuhamishwa, akaziunganisha kwa kompyuta zikaenda kwa mwendo mmoja. Aidha, mwaka 1967 The Beatles wenyewe walikaa na mafundi wakati wa kuchanganya toleo la mono, yaani lenye njia moja tu ya sauti, ilhali la stereo, lenye njia mbili, lilifanywa haraka bila wao kuwapo. Kwa hiyo Giles Martin aliitumia mono kama kielelezo chake. Kazi hiyo yote isingewezekana kama karani fulani wa stoo, ambaye jina lake halimo kwenye jalada lolote, angeamua kuzifuta kanda hizo ili zitumike tena. Kanda zilikuwa ghali, na kwa hesabu ya siku ile angekuwa ameokoa fedha.

Mwandishi wenu aliandika kwamba wanunuzi ni wachache. Mwaka 2022 santuri milioni 41 ziliuzwa Marekani dhidi ya CD milioni 33, na ilikuwa mara ya kwanza tangu mwaka 1987 santuri kuipita CD kwa idadi. Si zote hizo ni za roki wala si zote ni za zamani, lakini neno "wachache" halifai.

Nije sasa kwenye mtoto wa Unguja. Freddie Mercury alizaliwa huko tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, na bendi yake ya Queen ilitoa albamu ya kwanza Julai 1973, baada ya kuirekodi katika studio za Trident, London, kwa kutumia saa ambazo studio haikuwa na mteja mwingine. Wenyewe hawakuridhika, hasa na ngoma, ambazo zilitoka zikiwa kavu kama zinapigwa ndani ya kabati la nguo. Oktoba 2024 albamu hiyo ilitolewa upya kwa jina la Queen I, ikiwa imechanganywa upya tangu mwanzo, ngoma zikapewa mlio ambao bendi ilisema ndio iliyoutaka tangu hapo, na wimbo Mad the Swine, ulioachwa nje mwaka 1973, ukarudishwa. Nimeisikiliza na nimeipenda. Pamoja na hayo moyo wangu una shaka kidogo, maana Mercury alifariki Novemba 1991 na hakuna wa kumuuliza, na mimi binafsi nilikwisha kuzizoea zile ngoma za kabatini. Mtunzi ana haki ya kurekebisha kazi yake, lakini msikilizaji aliyeishi na ile ya kwanza kwa miaka 50 naye anayo haki ya kuikuta dukani.

Hofu yangu si ya bure. Albamu Raw Power ya Iggy and the Stooges, ya mwaka 1973, ilichanganywa na David Bowie, na wengi waliilalamikia kuwa nyembamba. Mwaka 1997 Iggy Pop mwenyewe aliichanganya upya kwa sauti kubwa kupindukia, kila chombo kimesukumwa juu hata vyote vinakwaruzana, na mtu akitaka kusikia wimbo mmoja mpaka mwisho ajiandae kwa maumivu ya kichwa. Mwaka 2010 mchanganyiko wa Bowie ukarudishwa sokoni. Kwa upande mwingine wapo R.E.M., ambao nawahesabu miongoni mwa watu waungwana wa roki mbadala: albamu yao Monster ya mwaka 1994 ilipotimiza miaka 25, Scott Litt, aliyeitengeneza pamoja nao na ambaye hakuwa ameridhika na kazi yake mwenyewe, aliichanganya upya mwaka 2019, na katika sanduku hilo la maadhimisho ikawekwa ya zamani na mpya, msikilizaji achague. Hapo hakuna aliyedhulumiwa.

Tabia hiyo ya kusukuma sauti juu inastahili maneno machache tu. Tangu miaka ya 1990 matoleo mengi yaliyoandikwa kuwa yamesawazishwa upya, yaani sauti ya kanda mama imerekebishwa bila njia kuchanganywa tena, yalichofanyiwa ni kubanwa, yaani sehemu za kunong'ona zikapandishwa zikalingana na sehemu za kupiga kelele, ili wimbo usikike kwa nguvu redioni na ndani ya gari. Muziki wa saikedelia, ambao nusu ya utamu wake ni kupanda na kushuka, hauwezi kuvumilia jambo hilo. Ni kama pilipili iliyotiwa hadi kwenye uji.

Nifike kwenye kisa changu mwenyewe. Miaka mitatu iliyopita mpwa wangu alinitumia santuri ya albamu ya mwaka 1968 niliyoitafuta kwa miaka 30, iliyotolewa upya na kampuni moja ya Ulaya ambayo sitaitaja. Ilikuwa nzito, gramu 180, na kibandiko juu ya jalada kilisema imesawazishwa upya kwa uangalifu mkubwa, bila kueleza kutoka wapi. Niliiweka kwenye mashine, nikafunga dirisha ili kelele za bodaboda zisiingie, nikasikiliza. Karibu na mwisho wa wimbo wa pili sauti ilikatika kidogo mno, kama mtu aliyepaliwa na mate. Nilikujua kule kukatika. CD ya albamu hiyo niliyoinunua miaka ya 1990 inakatika mahali hapohapo, na santuri ya zamani ya rafiki yangu wa Raskazone, niliyoiazima siku ya pili yake ili nihakikishe, haikatiki. Kwa lugha nyingine, hawakuwahi kuiona kanda. Walichukua CD, wakaimimina kwenye santuri nzito na kuiuza kwa bei ya sherehe. Niliwaandikia na sikujibiwa. Nilipompigia mpwa wangu simu alicheka akaniambia, "Mjomba, katika dunia nzima ni wewe peke yako uliyesikia." Nikamwambia basi wamekosea mtu wa kumuuzia.

Wala si kampuni ndogo tu. Mwaka 2022 ilibainika kuwa kampuni ya Mobile Fidelity ya Marekani, inayosifika kwa matoleo ya gharama kubwa, ilikuwa ikipitisha kanda nyingi kwenye hatua ya kidijitali kabla ya kukata santuri, huku wateja wake wakiamini kuwa njia yote ni ya sumaku na sindano. Jambo hilo liliishia kwenye kesi. Kinachonifurahisha, kama fundi, ni kwamba santuri zenyewe zilikuwa zinasikika vizuri sana na wapenzi wenye vifaa vya mamilioni hawakuwa wamegundua. Kosa lao halikuwa la sauti. Lilikuwa la kunyamaza.

Jambo ambalo mwandishi wenu hakuligusa kabisa ni kwamba roki iliyotolewa upya si mali ya Wazungu peke yao. Majirani zetu wa Zambia katika miaka ya 1970, baada ya Rais Kaunda kuagiza kuwa asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Kizambia, walizalisha roki ya kwao iliyokuja kuitwa Zamrock, yenye magitaa yaliyokwaruzwa na mapigo ya nyumbani. Bendi ya WITCH, ambayo herufi za jina lake husimama badala ya maneno yanayomaanisha "tumekusudia kuzua vurugu", iliongozwa na Emmanuel Chanda, aliyeitwa Jagari kwa kulifanya jina la Mick Jagger lipendeze midomoni mwa Waafrika. Biashara ya shaba ilipoanguka, muziki huo ulididimia, na Jagari akaishia kuchimba vito. Kampuni ya Now-Again ya Marekani ilizikusanya albamu za WITCH katika sanduku moja mwaka 2012, na mzee yule akajikuta anapanda majukwaa ya Ulaya na Marekani mbele ya vijana ambao hawakuwa wamezaliwa alipoziimba nyimbo hizo kwa mara ya kwanza. Kampuni hiyohiyo ilitoa upya Africa ya bendi ya Amanaz, ya mwaka 1975, ikiwa na michanganyiko yote miwili iliyowahi kufanywa, mmoja mkavu na mmoja wenye mwangwi mwingi. Kwa masikio yangu ule wa mwangwi ndio wenyewe, lakini nashukuru kwamba hawakuniamulia.

Na sisi tulikuwa nao Sunburst. Ilikuwa bendi ya Dar es Salaam, ikipiga roki na soul iliyochanganywa na ladha za huku, na albamu yao Ave Africa ni ya mwaka 1976. Mwaka 2016 kampuni ya Strut ya Uingereza ilikusanya rekodi zao zote za 1973 hadi 1976 na kuzitoa upya. Nawauliza wasomaji wa rika langu, ni wangapi kati yetu tuliwahi kuiona santuri hiyo dukani? Mimi nilisikia jina lao ujanani na nilizisikia nyimbo zao nikiwa na mvi. Dansi letu nalo lilipata bahati kidogo: Buda Musique ya Ufaransa, katika mfululizo wake wa Zanzibara, mwaka 2007 ilitoa mkusanyo wa bendi za Tanzania za miaka ya 1960.

Katika kazi za namna hii, kanda mama mara nyingi haipo tena, na mtoaji hulazimika kutafuta santuri iliyochakaa kidogo kuliko zote. Huoshwa, huchezwa kwa sindano za vipimo tofauti ili ipatikane ile inayogusa sehemu ya mfereji ambayo sindano za zamani hazikuifikia, kisha fundi hukaa na kompyuta akiondoa mipasuko mmojammoja. Akiwa mvivu huiachia programu iondoe yote kwa mara moja, na programu haiwezi kutofautisha mkwaruzo na toazi, kwa hiyo huondoka vyote viwili. Ukisikia ngoma zinalia kama zimefunikwa blanketi, jua ndicho kilichotokea.

Kanda zinapopatikana, hali yake huwa ni ya kusikitisha, hasa kwa hewa yetu hii ya baharini. Kanda za zamani za asetati zikianza kuoza hunuka siki. Nyingi za miaka ya 1970 zina gundi inayofyonza unyevu, na ukizizungusha hunata na kulia. Niliwahi kuletewa kanda iliyokaa juu ya kabati kwa miaka 20 katika nyumba moja ya Mzingani. Nilipoianzisha ilipiga kelele kama panya aliyebanwa, nikaizima, na kwenye kichwa cha mashine nikakuta unga wa kahawia. Unga ule ndio muziki wenyewe. Sikujua wakati huo kwamba kanda kama hiyo ingeweza kukaushwa kwa joto la nyuzi zipatazo 55 kwa saa kadhaa, ndani ya kifaa kinachodhibitiwa vizuri, kisha ikanakiliwa mara moja kabla haijarudia ugonjwa wake. (Naomba asijaribu mtu kwa oveni ya mikate.) Niliifuta mashine kwa spiriti na pamba nikairudisha kanda kwa mwenyewe nikimwambia imekufa, na mpaka leo jambo hilo linanisumbua.

Wenye mali nao hupoteza. Moto wa Juni 2008 katika eneo la Universal Studios, Hollywood, uliteketeza ghala la kanda, na gazeti la New York Times liliandika mwaka 2019 kuwa kanda mama nyingi mno ziliungua, ingawa kampuni yenyewe ilipinga ukubwa wa hasara hiyo. Albamu iliyokuwa na kanda moja tu ndani ya ghala lile haiwezi tena kutolewa upya kutoka kwenye asili yake, hata mtu aje na fedha kiasi gani.

Kwa hiyo, ndugu Mhariri, gazeti lenu linapoandika tena juu ya albamu iliyotolewa upya, iwe ya Pink Floyd au ya Wazambia, naomba mwandishi ageuze jalada asome maandishi madogo ya nyuma, kisha awaambie wasomaji sauti imetolewa katika kanda ya asili, katika nakala, au katika santuri, nani aliyeishughulikia, na kama ya kwanza bado inapatikana. Kama jalada limenyamaza, aandike kwamba limenyamaza. Rangi ya zambarau aiseme mwishoni, nafasi ikibaki.

Nina ombi jingine kwa wakazi wa Tanga. Mwaka 1981 mteja mmoja aliniachia gramafoni ya kutengeneza pamoja na sanduku la santuri ndogo za kujaribia, nyingi zikiwa za Nairobi, akasema atarudi Jumamosi. Hakurudi, na daftari langu la wateja liliharibiwa na mvua. Gramafoni niliitengeneza na inafanya kazi. Santuri nimezisimamisha wima kama vitabu, kwani zikilazwa kwa kurundikwa hupinda, na mbili kati yake sijaziona popote pengine, wala katika mkusanyo wowote uliotolewa upya. Sijakubali kumpa mtu aliyekuja kuzitaka, kwa sababu si zangu. Mwenyewe alikuwa mrefu, alikuja kwa baiskeli ya Phoenix yenye kiti cha mtoto mbele, na nadhani alikuwa anafanya kazi reli. Kama yu hai, au kama mtoto aliyekaa kwenye kiti kile anasoma barua hii, mzigo wao upo, na deni la ufundi nimelisamehe.

Msomaji wenu,
Fundi redio mstaafu,
Ngamiani, Tanga.